Roboti na chakula chetu Uganda: tuchague wenyewe kazi ya kuziachia

Kuna video zinazunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp siku hizi, trekta isiyo na dereva inalima Marekani, mashine inapita juu ya mistari ya vitunguu inachoma magugu kwa leza moja moja bila kugusa kitunguu, mkono wa chuma unachuma stroberi, na kila ikitumwa lazima mmoja aulize hii itafika lini Masaka na mwingine aandike kwamba vijana wetu wamekwisha, kazi zote zinaenda. Mimi naona wote wawili wanaangalia upande ambao sio. Kwenye nusu eka zetu roboti haiji leo wala mwaka ujao, lakini kwenye ghala la kahawa, kwenye shamba kubwa la chai, kwenye biashara ya mahindi, imeshaingia au iko karibu sana, na huko ndo hatuongei kabisa.

Hebu tuangalie kwanza hizi mashine zilizaliwa kwa sababu gani. Japan wastani wa umri wa wakulima unakaribia miaka 70, watoto walienda mjini na hawarudi, kwa hiyo trekta inayojiendesha kwao ni kama mtoto aliyebaki nyumbani. Uholanzi roboti ya kukamua maziwa ilianza kutumika kibiashara 1992, ya kampuni ya Lely, maana kumlipa mtu aamke alfajiri kila siku akamue ilikuwa inazidi kuwa ghali, sasa ng'ombe anaingia mwenyewe akitaka, mashine inamtambua kwa kifaa cha shingoni, inatafuta chuchu kwa leza na kamera, inasafisha, inakamua, na roboti moja inahudumia ng'ombe kama 60. Uingereza nao chuo cha Harper Adams mwaka 2017 walivuna tani 4 na nusu za shayiri bila mtu kuingia shambani kufanya kazi, toka kupanda mpaka kuvuna. Ukichunguza vizuri, hizo zote zinatoka mahali ambapo watu wa kazi hawapo au wapo ila mshahara wao ni mkubwa.

Sisi sensa ya 2024 ilituhesabu watu milioni 45.9 na karibu nusu ni watoto chini ya miaka 18. Mikono ipo tele, pesa ndo hakuna. Mpango wa PDM, ule wa serikali wa kukopesha kaya kupitia parokia (eneo dogo la utawala chini ya wilaya), uliozinduliwa Kibuku Februari 2022, unaipa kaya shilingi milioni 1, hiyo utanunua nguruwe wachache au miche na mbolea kidogo, gurudumu la roboti hutapata. Halafu shamba lenyewe likoje? Migomba, chini yake kahawa, katikati maharage, pembeni muhogo, mahindi mistari miwili ambayo hata haijanyooka, na yote hayo yako kwenye mteremko wa Kisoro au Bududa ambako mtu mwenyewe anapanda kwa kushika majani. Ile mashine ya leza imefundishwa tuta lililonyooka lenye zao moja, ukiileta hapa itachoma dodo, yaani mchicha, iliyojiotea ambayo mama mwenye shamba ameiacha makusudi kwa ajili ya mboga ya jioni. Yule mama na jembe lake anajua kila mche ni wa nini, na hakuna kampuni itakayotumia mamilioni ya dola kuifundisha kamera kulijua shamba lake wakati hana pesa ya kuinunua.

Hata maziwa, ambayo ni biashara kubwa kwetu, lita zaidi ya bilioni 3 kwa mwaka, sioni roboti ya kukamua ikisaidia kitu Kiruhura. Shida ya mfugaji wa kule ni kupe waliozoea dawa mpaka hawafi, ni karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo inayofunga soko miezi, ni bei kwenye kuula, pale maziwa yanapopokelewa na kupozwa, ni Kenya kuzuia maziwa yetu kama ilivyotokea Januari 2020. Kukamua kwenyewe hakujawahi kuwa ndo tatizo. Na hata huko Marekani pesa nyingi zimepotea kwa kutaka roboti ifanye kazi ambayo mkono unaifanya vizuri, Abundant Robotics ya kuchuma tufaha ilifunga 2021, Zume ya pizza za roboti ilipewa dola milioni 375 na SoftBank mwaka 2018 na 2023 ikafunga.

Kwa hiyo tuache hilo, twende penyewe.

Kahawa. Mkulima wa Luwero anauza kiboko yake, yaani kahawa iliyokaushwa na maganda yake, inakobolewa, inafika Kampala kwenye ghala la msafirishaji. Zamani kule ndani ungekuta akina mama wengi wamekaa wanachambua kwa mkono, punje nyeusi huku, iliyovunjika huku, jiwe huku, wanalipwa kwa kilo. Kazi hiyo sasa inafanywa na mashine yenye kamera, punje zinaanguka mbele yake kama mvua, kamera inaona rangi, upepo mkali unaipuliza ile mbaya pembeni kabla haijafika chini, tani baada ya tani. Hiyo ni roboti kamili, inaona, inaamua, inatenda, ila kwa sababu haina kichwa na miguu hakuna aliyeirekodi na kuituma kwenye grupu. Wale akina mama wengine bado wapo, wengi walipungua kimya kimya, na hatujasikia mjadala wowote wa maana kuhusu walienda wapi. Simlaumu msafirishaji, mnunuzi wa Ulaya anataka kahawa safi na mashine haichoki, na sisi tumo kati ya wanaoongoza Afrika kwa kuuza kahawa nje kwa hiyo hatuwezi kupeleka uchafu. Ninachosema ni kwamba roboti ya kwanza kuchukua kazi za watu wengi kwenye chakula chetu ilipita bila kuulizwa swali hata moja.

Kwenye chai haitapita kimya hivyo. Jirani zetu wameshaonja. Kericho, Kenya, Mei 2023 watu waliingia mashambani wakachoma mashine za kuchuma chai, polisi wakaja, kukawa na mapambano, mtu akapoteza maisha, na miezi michache kabla ya hapo kikosi kazi cha kaunti kilikuwa kimesema kazi 30,000 zimepotea kwa sababu ya mashine ndani ya miaka 10. Utasema zile za Kericho sio roboti, ni mashine za kukata tu, haina akili bandia yoyote mle ndani. Ni kweli, na hapo ndo ninapoogopa zaidi, kama mkasi wenye injini umeleta yote hayo, ile yenye kamera inayochagua majani mawili na chipukizi kama mkono wa mchumaji italeta nini? Maana mpaka sasa kinachomlinda mchumaji ni kwamba mkono wake unachagua vizuri kuliko mashine, kiwanda kinachotaka chai nzuri bado kinamhitaji. Siku ubora ukifanana, kinga hiyo imekwisha.

Kabarole, Kyenjojo, Bushenyi, Hoima, mashamba makubwa ya chai kwa miaka mingi yameishi kwa watu waliotoka mbali, kutoka Kigezi, kutoka West Nile, familia nzima inakaa kwenye kambi ya shamba, mtoto anasoma shule ya karibu na shamba, duka, kilabu, bodaboda, fundi cherehani, wote wanakula kutokana na ile mishahara midogo ya kuchuma. Mwenye shamba naye ana hesabu zake, bei ya mnada wa Mombasa ikishuka na mbolea ikipanda anatafuta pa kukata, na mashine mbili tatu zinafanya kazi ya watu wengi. Kwenye daftari lake ni sahihi kabisa. Lakini daftari lake halina mstari wa yule mwenye duka, wala wa mtoto aliyeacha shule muhula wa pili, hiyo gharama haikufutwa, imehamishiwa kwa wilaya.

Na serikali imo kwenye hesabu hii watu wakidhani haimo. Trekta na mashine nyingi za kilimo zinaingia Afrika Mashariki bila ushuru wa forodha, na nia ilikuwa nzuri, kumsaidia mkulima apumzishe jembe. Lakini msamaha uleule anapewa aliyeleta kifaa cha kumsaidia mkulima wa eka mbili na aliyeleta kifaa cha kuondoa wachumaji 300, yaani sisi wote kwa kodi tusiyoikusanya tunachangia kumwachisha mtu kazi. Mimi nataka msamaha huo uwe na masharti. Ukileta mashine ya kuvuna kwenye shamba lenye wafanyakazi kuanzia idadi fulani, useme wazi ni wangapi wataondoka, kwa muda gani, na wangapi kati yao watafundishwa kuiendesha na kuitengeneza, na wawe hao hao wachumaji, wakiwemo akina mama, maana mashine ikifika mara nyingi anaitwa kijana wa kiume na mama anaambiwa aende nyumbani. Ukikataa masharti, lete mashine yako lakini lipa ushuru.

Sasa msinielewe vibaya, sio kwamba napinga roboti. Kuna kazi ambazo mimi ningeziachia mashine kesho asubuhi.

Ya kwanza ni kupiga dawa. Nenda popote wanapolima nyanya, utaona kijana amebeba pampu mgongoni, hana glovu, hana kitambaa mdomoni, upepo unamrudishia dawa usoni, jioni anakula kwa mikono ileile. Tulipovamiwa na nzige Karamoja Februari 2020 hata wanajeshi walipewa pampu za mkono. Wenzetu dawa inapigwa na droni yenye tangi la lita 40, mtu amesimama mbali, na kwenye mashamba makubwa ya Marekani ile mashine ya John Deere inaona gugu kwa kamera na kupiga gugu peke yake, wenyewe wanasema inaokoa zaidi ya nusu ya dawa. Droni moja ya kukodisha kwa parokia nzima ingetosha kuokoa mapafu ya vijana wengi, na hapa hakuna anayeporwa kitu cha thamani, kijana yule yule anaweza kuwa rubani wake. Shida ni vibali, kuingiza droni Uganda ni lazima mamlaka ya anga wakubali na watu wa usalama wakubali, naelewa sababu, lakini kwa droni ya dawa chama cha ushirika kingewekewa njia fupi.

Ya pili ni ndege kwenye mpunga. Butaleja, pale Doho na mabonde ya jirani, mpunga ukianza kujaza punje watoto wanashinda shambani toka alfajiri wanapiga madebe na kurusha udongo, na kila mtu kule anajua madarasa yanapungua msimu ule. Kuna vifaa vya leza na sauti vinavyofukuza ndege, havifanyi kazi asilimia mia, ndege wanazoea, inabidi ubadilishebadilishe, lakini hata vikipunguza siku za mtoto kukosa shule kwa nusu mimi ningevikubali kwa mikono miwili.

Ya tatu ndo kubwa, mahindi, na hapa nataka tukae kidogo.

Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilifunga mpaka kwa mahindi yetu na ya Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, malori yakajaa Busia, bei Masindi na Iganga ikaanguka, na ingawa siku chache baadaye walifungua kwa masharti, watu walishaumia. Sumukuvu inazidi hasa pale mahindi yanapoanikwa chini kwenye udongo na kuwekwa ghalani hayajakauka, na uchungu wake ni kwamba punje chache tu zenye sumu zinaharibu gunia zima na kwa macho hutaziona zote. Mkono wa binadamu hapa haushindani na mashine. Kampuni ya Bühler ya Uswisi ilitoa mwaka 2018 mashine iliyoundwa ikishirikiana na Microsoft, inamulika punje kwa taa maalumu, ile yenye sumu inatoa mng'ao wake, kamera inaiona, upepo unaitupa, wanasema inafika tani 15 kwa saa na kuondoa mpaka asilimia 90 ya uchafu. Hiyo ni roboti ya kuokoa maini ya watu, posho, yaani ugali wa mahindi, inaliwa kwenye kila shule ya nchi hii, kwenye jela, kambini, kila siku.

Lakini jiulize mashine hiyo akiwa nayo mfanyabiashara wa kupeleka nje peke yake itakuwaje. Atachambua, yale safi yatapanda lori kwenda Nairobi na Juba, na yale yaliyotupwa na mashine, sumu iliyokusanywa pamoja sasa, hayatatupwa, ni pesa, yataingia Kisenyi, kwenye mashine za kusaga za Kampala, yasagwe kwa bei ya chini, yatakuwa unga wa shule maskini au chakula cha kuku. Yaani mashine iliyotengenezwa kuondoa sumu inaweza kuifanya sumu iwe nyingi zaidi kwenye sahani ya asiye na kitu, bila hitilafu yoyote, ikifanya kazi yake vizuri kabisa! Ndo maana nasema mahali roboti inapowekwa na nani anaimiliki ni muhimu kuliko roboti yenyewe. Ikiwa ya muungano wa vyama vya ushirika Kiryandongo au Masindi, na kukawa na sheria ya kupima na kuharibu makapi yake na fedha kidogo ya kumfidia mkulima kilo alizopoteza, hapo mlaji wa ndani na wa nje wanakula mahindi yaleyale.

Halafu kuna hili la ufunguo. Mwaka 2022 wanajeshi wa Urusi walichukua matrekta na mashine za kuvuna za John Deere kwa wakala mmoja Melitopol kule Ukraine, wakazisafirisha mpaka Chechnya, kufika kule haziwaki, zimefungwa kwa mbali. Wengi walishangilia na mimi naelewa, waliiba. Lakini mkulima yeyote mwenye akili anaona kitu kingine pale, kwamba mashine iliyoko kwako inaweza kuzimwa na mtu aliye bara lingine. Hata Wamarekani wenyewe wamechoka, wakulima wamelalamika miaka kwamba programu ya trekta inawazuia kuitengeneza mpaka aje fundi wa kampuni, jimbo la Colorado likapitisha sheria ya haki ya kutengeneza 2023, na Januari 2025 tume ya biashara ya serikali yao ikaishtaki John Deere mahakamani kwa hilo hilo. Kama mkulima wa Illinois mwenye wakala saa moja kutoka shambani analia, wewe wa Kamuli utamwita nani? Na sisi Januari 2021 wakati wa uchaguzi tulikaa siku 5 bila intaneti nchi nzima, mashine inayosubiri ruhusa ya mtandao ndo iwake ingelala siku 5 mahindi yakilowa.

Katwe, mtaa wa mafundi Kampala, wapo watu ambao wameishika nchi hii kwa miaka, mashine za kukoboa, za kupukuchua mahindi, za kukata majani ya ng'ombe, za kuchanganya chakula cha kuku, zinatoka kwenye vile vibanda vya kuchomelea vyuma, na ikiharibika unampigia aliyeitengeneza. Teso nako jembe la ng'ombe lililoanza yapata 1910 lilikubalika kwa sababu hiyo hiyo, mhunzi aliliweza na ng'ombe alikuwepo, na ng'ombe walipoporwa miaka ya mwisho ya 1980 watu walirudi kwenye jembe la mkono ndani ya misimu michache, maana kilichoendesha kile kifaa kiliondoka. Kwa roboti kinachoiendesha ni programu na spea. Mashine yoyote ya chakula inayonunuliwa kwa pesa ya umma ije na michoro yake, na spea, na ruhusa ya kuifungua kwa fundi wa hapa, na ifanye kazi bila mtandao. Asiyetaka, tusinunue kwake, wapo wengine.

Na tusijione hatuna cha kudai. Kati ya 2020 na 2021 kulikuwa na shindano la dunia la kufundisha kompyuta kutambua magonjwa ya muhogo, batobato, michirizi ya kahawia na mengine, na picha zilizotumika, 21,367, zilitoka Uganda, nyingi zilipigwa na wakulima wenyewe kwenye bustani zao, wataalamu wa kituo cha utafiti wa mazao cha Namulonge wakazitambua moja moja na maabara ya Makerere ikaziandaa. Macho ya mashine yamefundishwa kwenye mihogo yetu, banange, hiyo ni kazi kubwa na sijui kwa nini hatuisemi kwa kiburi. Sitaki picha zifichwe, ugonjwa wa muhogo ukitambulika Kongo au Tanzania kwa picha ya mama wa wilaya ya Kumi ni jambo jema. Ila kampuni ikija kesho na programu ya kulipia iliyojengwa juu ya picha kama hizo, mkulima wa Uganda asilipe hata senti, na hilo liandikwe kabla ya picha nyingine kupigwa.

Bajeti inasomwa kila Juni na miswada ya kodi inafika bungeni miezi kadhaa kabla. Sharti la msamaha wa ushuru kwa mashine za kuvuna, sheria ya makapi ya mahindi, haki ya fundi kufungua mashine, yote matatu yanaweza kuletwa mbele ya kamati msimu huohuo kama vyama vya wachuma chai, wakulima wa mahindi wa Masindi na mafundi wa Katwe watakwenda pamoja, na waende na mbunge wao mkononi, maana waagizaji wa mashine wao huwa wameshafika.